Mwachie askari wake

Mkomani, Lamu

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Huku hatujambo sote. Mama anakusalimu sana na anauliza utavuka lini Mokowe uje utuone.

Mchezo wako wa chesi ulionitumia, ule ulioshika nyeusi ukashindwa, nimeupanga ubaoni na kuupitia barazani baada ya alasiri, hatua kwa hatua. Imeniuma, kwani wewe si mtu wa kushindwa mapema hivyo. Mpinzani wako alipokupa askari wa c4 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari) ukamla, hapo hukukosa. Gambiti ya malkia, yaani kumtoa askari huyo kama chambo mwanzoni mwa mchezo, hata mabingwa huikubali. Balaa ni baada ya e3 yake, uliposukuma b5 ili umlinde askari wako aliyekula pale c4. Akaja a4, ukajibu c6, mkalana pale b5, kisha malkia wake akatoka hadi f3.

Hebu upange tena, utazame. Toka f3 malkia anaiona ngome yako ya a8 moja kwa moja. Njia hiyo ilikuwa na askari wako watatu, d5, b7 na c6, na wote umewaondoa kwa mkono wako: mmoja alikwenda kula c4, wawili wakaishia kwenye kumlinda. Ngome nayo haina pa kukimbilia, farasi wa b8 na askari wa a7 wameiziba. Ili uiokoe lazima umpoteze farasi au askofu. Yote hayo kwa askari mmoja!

Mwachie amrudishe askari wake. Toa farasi hadi f6, cheza e6, halafu c5 na a6. Yeye atatumia zamu kumla c4 kwa askofu wake, na akikuachia nafasi, hapo ndipo usukume b5. Ni b5 ileile, ila sasa inamfukuza askofu, na wako anakaa b7 kwa raha zake.

Sisemi askari wa gambiti halindwi kamwe. Mwaka 1960 kule Mar del Plata, Argentina, Boris Spassky wa Usovieti alimchezea Mmarekani Bobby Fischer gambiti ya mfalme, ambapo mweupe hutoa askari wa f4. Fischer akamla, kisha akamlinda askari wake pale f4 kwa g5, ikaja h4, g4, na farasi mweupe akarukia e5. Askari yule akaliwa vilevile, na Fischer akashindwa, ingawa aliteleza baadaye sana. Mwaka uliofuata akaandika kwamba dawa ni kuanza na d6. Angalia alivyofikiri: g5 hakuitupa, alitangulia kumfungia farasi mlango wa e5. Na wewe kabla hujalinda, uliza kwanza ulinzi huo unafungua njia gani nyuma yako.

Nikija Malindi tutaanzia hapohapo kwenye e3, wewe ushike nyeusi, nami nitajaribu kila hila niijuayo. Ukicheza na yule jamaa kabla sijafika, niandikie hatua zote, hata kama umeshindwa.

Wasalimie nyumbani.

Ni mimi, sahibu yako