Tusafishieni picha, msitubadilishie

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala uliyoichapisha wiki mbili zilizopita, ambamo mwandishi alifurahia kwamba tamthilia za zamani za bunilizi ya kisayansi sasa zinaonekana zikiwa zimefanyiwa ukarabati, akatoa mfano wa Star Trek ya Marekani. Sina ugomvi na sifa alizoipa tamthilia yenyewe, kwa kuwa nami ni mpenzi wake wa miaka mingi. Ninalopingana nalo ni hilo neno ukarabati, kwa sababu limefunika kazi mbili zisizofanana hata kidogo, na mtazamaji asiyezitenganisha hawezi kujua anachokitazama ni cha mwaka gani.

Nilifanya kazi ya kusafisha picha katika studio hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, enzi za filamu na chumba cha giza. Mteja aliponiletea picha ya marehemu baba yake iliyokwaruzika, kuuziba ule mkwaruzo kwa brashi na wino ilikuwa kazi yangu, na niliifanya bila kuuliza maswali. Lakini mwingine alitaka marehemu avuliwe kanzu na avikwe suti ambayo hakuwahi kuivaa maishani. Hiyo nayo ilikuwa kazi, tena yenye malipo mazuri, ila sikuwahi kuiita ukarabati, na niliikataa kabisa pale mteja aliposema kwamba ile ya awali sasa ichanwe.

Star Trek ya kwanza ilirushwa na kituo cha runinga cha NBC kuanzia tarehe 8 Septemba 1966 hadi Juni 1969, jumla ya sehemu 79. Kuanzia mwaka 2006, tamthilia ilipotimiza miaka 40, kampuni ya CBS iliyokuwa na haki zake walizirudia negativu za milimita 35, yaani filamu zilezile zilizotoka kwenye kamera, wakazisoma kwa mashine za kisasa, wakaondoa vumbi na mikwaruzo na kuzirudishia rangi uhai wake. Matokeo yalikuwa ya kupendeza, kwani nyuso za waigizaji, nyuzi za mavazi na hata rangi iliyopakwa kwenye mbao za jukwaa vilionekana kwa namna ambayo hakuna aliyeketi mbele ya runinga mwaka 1966 aliyewahi kuviona. Huo ndio ukarabati. Ila hawakuishia hapo, kwa kuwa waliziondoa picha za chombo cha angani, za sayari na za silaha zilizotengenezwa na mafundi wa miaka ya 1960, wakaweka mahali pake picha mpya za kompyuta. Nawatendea haki kwa kusema kwamba walioisimamia kazi hiyo, wakiwemo Michael Okuda, Denise Okuda na David Rossi, ni watu wanaoijua na kuipenda tamthilia hii, na walijizuia sana. Mwingine angeweza kuiharibu mara kumi zaidi.

Ili msomaji aelewe kilichoondolewa, inafaa ajue kilivyotengenezwa. Enterprise, chombo cha angani wanachosafiria mashujaa wa tamthilia, kilichochorwa na Matt Jefferies kilikuwa modeli yenye urefu wa karibu mita 3.4, iliyoundwa kwa mbao, plastiki na metali. Upande wake wa kushoto haukumaliziwa, kwa sababu huko ndiko zilikoingilia nyaya za taa, ndiyo maana katika picha nyingi sana tunauona upande wa kulia. Ule mwanga unaozunguka mbele ya injini zake ulitokana na taa ndogo za kumetameta, aina ya zile za kupambia Krismasi, zikisaidiwa na vipande vya kioo na mota ya kuzungusha. Modeli ilipigwa picha mbele ya pazia la buluu, kisha maabara ikatengeneza kizibo cheusi chenye umbo lilelile la chombo, na kwa kutumia kizibo hicho nyota zikachapwa kila mahali isipokuwa pale chombo kitakapokaa, halafu filamu ikarudishwa nyuma na chombo kikachapwa ndani ya pengo lake. Aliyewahi kuweka picha mbili kwenye karatasi moja gizani, akikinga mwanga kwa kipande cha kadibodi, anajua jinsi unywele mmoja wa kosa unavyoacha ukingo mweusi au wa buluu. Wenzetu hao walifanya hivyo kwa fremu 24 kila sekunde, wakikimbizana na ratiba ya kila wiki, na kazi ilikuwa nzito kiasi kwamba iligawanywa kwa kampuni kadhaa za Hollywood, mojawapo ikiwa ile ya Linwood Dunn, bingwa wa mashine za kuchapia filamu juu ya filamu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si dhaifu. Kila filamu inaponakiliwa, chembechembe zake huongezeka na makali yake hupungua, na picha yenye chombo, nyota na sayari ilikuwa imenakiliwa mara kadhaa kabla ya kumfikia mtazamaji. Runinga ndogo za wakati ule ziliuficha udhaifu huo. Ukiitazama leo kwenye kioo kikubwa, unatoka kwenye uso safi wa mwigizaji na kuingia ghafla kwenye picha ya chombo iliyojaa punje kama mchanga, na macho yanashtuka. Waliobadilisha wanasema kwamba walitaka kuuondoa mshtuko huo. Mimi nasema mshtuko huo ni sehemu ya kazi, kama vile mshono ulivyo sehemu ya nguo ya mkono, lakini sitamcheka anayeona tofauti.

Kipimo kizuri cha ubishi huu ni ile sehemu ya mwaka 1967 iitwayo "The Doomsday Machine", ambamo mtambo mkubwa kama mdudu mwenye mdomo wazi unameza sayari, na chombo kingine, Constellation, kinakutwa kimeharibiwa vibaya. Hapakuwa na fedha za kuunda modeli nyingine ya mita tatu. Mafundi walichukua modeli ya plastiki ya kampuni ya AMT, ya kununuliwa dukani na kuunganishwa na watoto nyumbani, wakaichoma na kuiparura. Namba ya ubavuni, 1017, si chochote ila tarakimu za Enterprise, 1701, zilizopangwa upya. Katika toleo la 2006 gofu hilo la plastiki limeondolewa, na mahali pake pamewekwa chombo cha kompyuta chenye vipimo sahihi na vyumba vilivyopasuka vinavyoonekana hadi ndani. Nakiri kwamba katika sehemu hii wabadilishaji wana wakili mzito, kwani mwandishi wa hadithi yenyewe, Norman Spinrad, hakuridhika na ule mtambo wa awali uliotoka tofauti na alivyouwazia. Pamoja na hayo, nikiziweka picha mbili kandokando, ile ya zamani ndiyo inayonitia huzuni. Plastiki iliyoyeyuka kweli kwa moto wa kweli inakunjamana kwa namna ambayo aliyeichora kwa kompyuta hakuifikia.

Mfano mwingine ni mdogo, na pengine ndio ulionikera zaidi. Katika sehemu iitwayo "Arena", Kirk, nahodha wa Enterprise, anapigana na kiumbe mwenye sura ya mjusi aitwaye Gorn, ambaye ni mtu aliyevaa vazi la mpira, na macho yake ni mawe matupu yasiyosogea. Toleo jipya limempa kope, akawa anapepesa. Hapa hapakuwa na chembe wala vumbi la kuondoa. Mtu aliketi tu akaamua kwamba macho yasiyopepesa ni kosa, ilhali kwa sisi tuliomtazama utotoni, kutopepesa kwake ndiko kulikotukosesha usingizi.

Tena kinachoitwa kipya hakikai kipya. Picha za kompyuta za 2006 zina takriban miongo miwili sasa, na macho ya vijana waliozoea michezo ya video ya leo yanaziona zimepitwa na wakati, laini mno na zisizo na uzito. Je, tuziondoe nazo tuweke za mwaka huu? Waingereza walikwisha kuionja hali hiyo kwa tamthilia ya vichekesho ya Red Dwarf. Mwaka 1998 misimu yake mitatu ya kwanza ilitolewa upya, modeli zikiwa zimebadilishwa kwa picha za kompyuta. Mashabiki wengi hawakuipokea, misimu hiyo ilipoanza kutoka kwenye DVD miaka michache baadaye ikatumika ile ya awali, na tamthilia iliporudi kwa msimu kamili mwaka 2012 watengenezaji wenyewe walirejea kwenye modeli.

Atakayesema kwamba hakuna njia ya tatu namwelekeza kwenye tamthilia dada, Star Trek: The Next Generation, ya 1987 hadi 1994. Hiyo ilipigwa kwa filamu lakini ikahaririwa kwenye kanda ya video, hivyo picha iliyokamilika ilikuwepo kwenye kanda tu, tena hafifu. Kati ya 2012 na 2014 ilitolewa kwenye Blu-ray, diski za picha kali kuliko DVD, baada ya kazi ambayo hata kuisimulia kunachosha: vipande vya filamu ya awali vilitolewa ghalani, vikasomwa upya, na kila sehemu ikahaririwa upya kwa kuifuata ile ya zamani kipande kwa kipande. Na modeli? Ziliachwa. Filamu zilezile za chombo, kila safu kwa nafsi yake, ziliunganishwa upya kwa kompyuta badala ya mashine za zamani, na picha mpya zikachorwa pale tu ilipohitajika. Kazi hiyo iligharimu fedha nyingi, na ndugu zake wawili waliofuata, Deep Space Nine na Voyager, hawajaipata hadi leo. Ila imeonyesha kwamba fundi anaweza kuusafisha mkono wa fundi aliyemtangulia bila kuukata.

Jumba la makumbusho la anga la Smithsonian kule Washington limelipitia swali hilihili kwa modeli yenyewe ya Enterprise, waliyokabidhiwa mwaka 1974. Ilikarabatiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupakwa rangi upya kwa mistari mizito ambayo wengi waliilalamikia kuwa haikuwepo kwenye runinga. Walipoirudia tena, kazi iliyokamilika mwaka 2016, walijiwekea lengo la kuirudisha ilivyokuwa Agosti 1967, wakaomba umma uwaletee picha za zamani ziwe ushahidi, na ile rangi ya asili iliyosalia juu ya sahani ya chombo, ile sehemu yake ya mbele ya duara, hawakuifunika. Upande wa kushoto, wenye nyaya, haukupewa urembo ambao haukuwahi kuwa nao.

Kuna jambo moja linalotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili, ambalo mwandishi wako hakuligusia. Luteni Uhura, mmoja wa maofisa wa Enterprise, aliyeigizwa na marehemu Nichelle Nichols, alipewa jina lililotokana na neno letu uhuru, na Kiswahili kinasikika ndani ya tamthilia hiyo. Katika "The Changeling" ya mwaka 1967 kumbukumbu zake zinafutwa na mtambo, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza hukwama na kuropoka Kiswahili. Nichols alikuwa mzaliwa wa Illinois, na matamshi yake hayafanani na ya mtu wa Pangani wala wa Lamu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilitambua kwamba mwaka 1967 kuna watu kule Marekani waliotaka lugha hii isikike katika karne ya 23. Waliohuisha tamthilia mwaka 2006 hawakuigusa sauti hiyo. Hakuna aliyependekeza atafutwe mtu wa Mombasa airekebishe lafudhi, na wangefanya hivyo tungepiga kelele wote, kwa haki kabisa. Sielewi kwa nini heshima waliyoipa sauti ya mwigizaji isimfikie pia aliyefunga zile taa za Krismasi ndani ya injini.

Sisemi toleo la 2006 lifichwe. Kwenye Blu-ray zilizotoka kuanzia 2009 yapo yote mawili, na mtazamaji huchagua mwenyewe, jambo ambalo lingemaliza ubishi kama kila mahali pangekuwa hivyo. Huduma ya kulipia niliyojiunga nayo hapa nyumbani huonyesha toleo jipya peke yake, na chini ya jina la tamthilia imeandikwa "1966". Nimewaandikia mara mbili sijajibiwa. Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo: gazeti lako linapochapisha ratiba za vipindi au uhakiki wa tamthilia za aina hii, liandike miaka miwili, ule wa kazi na ule wa toleo, ili anayetaka ile nyingine ajue kwamba ipo na aitafute.

Mjukuu wangu wa miaka 11 alikuja likizo, nikamwonyesha "The Doomsday Machine" kwa matoleo yote mawili bila kumwambia lipi ni lipi. Aliipenda mizinga ya lile jipya. Lakini aliponisikia nikitaja modeli ya dukani alirudisha la zamani nyuma, akaisimamisha picha kwenye lile gofu la Constellation, akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo, na kuniuliza waliichoma kwa kiberiti au kwa mshumaa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako, mstaafu wa chumba cha giza,
Tanga