Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2022: Petroli ya Boti Zetu na Vita vya Mbali

Ndugu wanachama, wavuvi wa Tanga, assalaam aleikum.

Mambo ya nyavu, leseni na mnada yamo kwenye taarifa ya katibu. Mimi naomba nikae kwenye petroli, maana kila kikao cha kamati mwaka huu kiliishia hapo.

Tarehe 24 Februari Urusi iliivamia Ukraine. Machi, pipa la mafuta ghafi likapita dola 120. Mei, bei kikomo (bei ya juu inayoruhusiwa) ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa Dar es Salaam ikafika Sh3,148 kwa lita ya petroli, na sisi tunaonunua kwa dumu ufukweni tunajua kinachoongezeka hapo. Ruzuku ya Serikali ya Sh100 bilioni, iliyoanza Juni, ilitupunguzia makali. Tunashukuru.

Wengi mmeniuliza: hatununui kwa Mrusi, vita vyake vinatuhusu nini? Mafuta yetu mengi hutoka Ghuba na India, na bei hufuata soko la Ghuba. Ulaya ilipoanza kumkimbia Mrusi, ilikuja kupanga foleni kulekule tunakonunua sisi, ikiwa na fedha nyingi kuliko zetu. Marekani ikatangaza kutoa mapipa milioni 180 kwenye akiba yake ili bei ishuke. Oktoba, Saudi Arabia, Urusi na wenzao wa OPEC+, muungano wa nchi zinazozalisha mafuta, wakakubaliana kupunguza mapipa milioni 2 kwa siku. Wakubwa wanavutana, na hakuna hata mmoja anayeifikiria boti ya Tanga.

Julai nilikaa kwenye mgawo wa chombo kimoja. Samaki walipatikana. Lakini gharama hutolewa kwanza: yalipotoka mafuta, barafu na chakula, vijana walibaki wakitazamana. Nahodha alichukua fungu lake akawagawia, akaondoka bila kitu. Nje, meli ya mafuta ilikuwa imetia nanga ikisubiri kushusha. Iliniuma sana.

Nchi za Shirika la Kimataifa la Nishati hutakiwa kuwa na akiba ya mafuta ya siku 90. Sisi wavuvi hatuna hata ya siku tatu. Kamati inapendekeza kila chombo kichangie thamani ya lita moja kwa kila safari ya msimu mzuri, fedha zikae benki, na zikopeshwe bila riba bei inapopanda. Petroli yenyewe tusiirundike majumbani. Madumu uvunguni ni moto unaosubiri.

Mweka hazina ana daftari. Mchango wangu nimeshautoa asubuhi hii.