Treni kuukuu zipewe betri, lakini nani atazihudumia?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nichangie mjadala wa kung'oa injini za dizeli kwenye treni kuukuu na kuzitia betri. Wanaoupinga mpango huo wanadai teknolojia bado changa, tusubiri. Wanaouunga mkono hutuonyesha picha ya treni iliyopakwa rangi mpya, wakaishia hapo. Naona pande zote mbili zinalikwepa swali zito: treni ikishabadilishwa, nani ataihudumia miaka yote itakayobaki njiani?

Hilo la uchanga halina mashiko. Robert Davidson, fundi wa Scotland, alijaribu kichwa cha treni cha betri kwenye reli ya Edinburgh na Glasgow mwaka 1842. Kilijikokota kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, na betri zake hazikuweza kuchajiwa upya, lakini kilikwenda. Treni za betri za James Drumm zilibeba abiria kati ya Dublin na Bray kuanzia 1932 hadi 1949. Ujerumani nayo iliunda treni za betri za madini ya risasi katika miaka ya 1950, na za mwisho zikastaafu 1995. Kilichobadilika siku hizi ni betri za lithiamu, ambazo kwa uzito uleule hubeba umeme mwingi zaidi na hujaa upesi.

Isitoshe, vichwa vingi vya dizeli ni vya umeme tangu vilipotoka kiwandani. Injini haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme wa jenereta ndio unaoendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Ukiondoa injini na tangi la mafuta, mota zinabaki na fremu inabaki, na sehemu kubwa ya chuma kilichokwisha kulipiwa inaendelea kufanya kazi. Zaidi ya hapo, dereva anapopunguza mwendo, mota zilezile zinaweza kugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye treni ya dizeli umeme huo, hata ukizalishwa, hupotea hewani kama joto.

Mpaka wa betri ni uzito. Hata tukiondoa joto linalopotea kwenye injini, kilo moja ya dizeli bado inafanya kazi zaidi ya mara 20 ya kilo moja ya betri. Ndiyo maana anayeahidi kuvuta mizigo mizito maelfu ya kilomita kwa betri tupu anatupotosha. Huko betri ni msaidizi tu. Katika majaribio ya Wabtec, waundaji wa vichwa vya treni, na BNSF, kampuni ya reli ya mizigo ya Marekani, huko California mwaka 2021, kichwa cha betri kiliunganishwa na vichwa vya dizeli kwenye treni moja, na mafuta yakapungua kwa wastani wa asilimia 11. Si haba, ila si mapinduzi. Betri inapofaa hasa ni kwenye njia fupi za pembeni, kwenye yadi za kupanga mabehewa, na kwenye vipande vya reli ambavyo nyaya za umeme hazijafika.

Mfano ninaoupenda ni wa Uingereza, na ndio unaonitia wasiwasi. Kampuni ya Vivarail ilinunua treni za zamani za chini ya ardhi za London, zilizoundwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mabodi yake ni ya alumini, hayali kutu. Baadhi ilizitia injini za dizeli za kuzalisha umeme, nyingine betri. Ilibuni pia namna ya kuchaji ambayo naiona ya kijanja: betri kubwa zinakaa kando ya reli, zinajaa polepole kutoka gridi ya kawaida, kisha treni ikisimama stesheni zinaimiminia umeme kwa dakika chache. Hakuna haja ya kujenga kituo kipya cha umeme kwa ajili ya njia fupi ya kilomita chache. Mwezi Agosti 2025, mojawapo ya treni hizo za betri ilikwenda zaidi ya kilomita 320 bila kuchajiwa njiani.

Lakini haikuwa tena mikononi mwa Vivarail. Kampuni hiyo ilifilisika mwishoni mwa 2022, na Great Western, kampuni inayoendesha treni za abiria Uingereza, ndiyo iliyochukua vifaa na kuwaajiri baadhi ya mafundi wake. Kwenye njia ya Marston Vale, kati ya Bletchley na Bedford, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Treni zilizobadilishwa na Vivarail, hizo zikiwa za dizeli, zilikosa wa kuzihudumia zikaegeshwa, na abiria wakapanda mabasi karibu mwaka mzima. Hazikuegeshwa kwa ubovu wa mota wala bodi. Treni zilikuwa yatima, basi. Sasa weka betri na programu zake mahali pa injini ambayo fundi yeyote anaifahamu, uone uyatima huo utakavyokuwa.

Kuhusu hidrojeni nitasema kidogo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Jimbo la Lower Saxony nchini Ujerumani lilizindua treni 14 za hidrojeni mwaka 2022, na mwaka uliofuata mamlaka yake ya usafiri ikatangaza kwamba treni zake zijazo zitakuwa za betri kwa kuwa ni nafuu kuziendesha. Kutoka umeme hadi hidrojeni na kurudi umeme tena, zaidi ya nusu hupotea njiani.

Na pale ambapo treni ni nyingi, nyaya juu ya reli bado hazina mshindani. Hata huko chuma cha zamani kina kazi: mwaka 2018 kiwanda cha Varanasi, India, kiligeuza vichwa viwili vya dizeli kuwa mtambo mmoja pacha wa umeme wenye nguvu za farasi 10,000.

Kwa hiyo naomba waandishi wako, watakapoalikwa kwenye uzinduzi wa treni ya namna hii, waulize mkataba unasemaje. Michoro na programu ya kuongoza betri ni mali ya nani kampuni ikifa? Betri zikichoka, nani analipia mpya, na zile za zamani zinakwenda wapi? Umeme wa kuchajia unazalishwa kwa nini, maji au makaa ya mawe? Majibu wayachapishe, hata kama utepe umeshakatwa.

Wako,
Msomaji wa safu hii