Jua la alasiri haliondolewi kwa feni

Mhariri,

Ukipita mitaa mipya inayochipuka kando ya Kisumu, kuanzia Mamboleo na Riat hadi Kibos na barabara ya kwenda Ahero, utaona nyumba moja imejengwa mara mia. Ramani imetolewa kwenye simu, nayo ilichorewa mahali pengine. Mabati ni ya rangi ya makaa, madirisha ni ya kuteleza, na vyumba vya kulala vinatazama magharibi kwa kuwa lango liko mashariki. Mwenyewe akihamia, mwezi wa kwanza ananunua feni. Mwaka wa pili anaulizia bei ya sola ya kuziendesha hizo feni. Joto hilo lilistahili kuzuiwa siku ya kupiga kamba za msingi. Tunaomba nafasi gazetini kwa ajili ya wale ambao bado hawajachimba.

Tuanze na mwelekeo, kwa sababu ndio usiorekebishika. Kisumu iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Mwezi Juni jua hupitia upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, na adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 66 hivi kutoka upeo wa macho. Jua la juu namna hiyo ni rahisi kulizuia: upenu wa sentimita 75 hutia kivuli sentimita 170 za ukuta wa kaskazini adhuhuri ya Juni. Sasa chukua upenu huo huo uuweke magharibi. Saa kumi na moja jioni jua liko nyuzi 25 hivi, na upenu wako unafunika sentimita 35 tu. Dirisha lote liko wazi. Hata veranda ya mita 2.4 itafunika mita moja na kidogo. Ukuta wa mawe wa inchi 8 ukichomwa alasiri hulihifadhi joto hilo na kulimwaga ndani saa tano au sita baadaye, wakati watoto wamelala.

Kwa hiyo pande ndefu za nyumba zitazame kaskazini na kusini, na madirisha makubwa yawe huko. Usiamini dira ya simu ukiwa karibu na nondo au mabati. Chomeka kijiti kilichosimama wima. Saa nne asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha chora duara kwa kamba yenye urefu wa kivuli hicho, kitovu kikiwa kitako cha kijiti. Alasiri, karibu saa tisa na dakika ishirini, ncha ya kivuli itarudi kugusa duara. Weka alama ya pili. Mstari wa kuunganisha alama hizo mbili ndio mashariki na magharibi. Usishangae kwamba saa hazilingani pande zote mbili za saa sita: hapa Kisumu jua hufika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika ishirini.

Tunajua wengi wana ploti ya hamsini kwa mia na hawawezi kugeuza nyumba watakavyo. Basi geuzeni vyumba. Bafu, choo, stoo na kabati za ukutani zikae magharibi ziwe ngao. Vyumba vya kulala vihamie mashariki. Ukuta wa magharibi upakwe rangi nyeupe au ya maziwa, usiwe na dirisha kubwa, na mbele yake pandwe migomba na mipapai, ambayo hukua haraka. Mwembe ukae mita 6 au zaidi kutoka kwenye msingi, hasa penye udongo mweusi, maana mizizi huufyonza unyevu na udongo ukisinyaa ukuta unapasuka. Na tafadhali msitandaze kabro hadi ukutani upande huo. Kabro hushika joto mchana na kulirudisha dirishani jioni. Nyasi hazifanyi hivyo.

Paa ndilo linalopokea jua siku nzima, na hapo ndipo tungependa watu watumie pesa zao kabla ya kitu kingine chochote. Bati la rangi nyeusi au ya makaa hupita nyuzi joto 60 kwa urahisi siku ya jua kali. Joto hilo halihitaji hewa ili likufikie, linamulika tu kuelekea chini kama jiko. Bati jeupe au la rangi hafifu la geji ile ile halipati moto kiasi hicho, na tofauti ya bei mara nyingi si ya kukuzuia usingizi. Chini ya bati tandika karatasi ya alumini juu ya kenchi kabla ya kupigilia mbao za kushikia mabati. Hapa mafundi wengi hukosea: karatasi hugusana na bati, na ikigusana inapitisha joto kama bati lenyewe. Lazima ibaki nafasi ya hewa ya milimita 25 au zaidi, na upande unaong'aa utazame chini kwenye nafasi ya dari, ili vumbi lisiufunike. Mbao za 3 kwa 2 zikisimamishwa kwa upana wake zinaacha nafasi ya kutosha. Karatasi iache ilegee kidogo kati ya kenchi na kenchi.

Kisha hewa ya darini itoke. Kanuni inayotumika ni sehemu 1 ya tundu kwa kila sehemu 150 za eneo la dari. Nyumba yenye dari ya mita 90 za mraba inataka jumla ya mita 0.6 za mraba, nusu chini ya upenu, nusu juu karibu na mgongo wa paa. Matundu yakiwa chini tu, hewa moto inabaki juu pale pale. Fundi akiziba upenu kwa mbao kutoka pembe hadi pembe kwa sababu panapendeza, umejenga tanuri juu ya kichwa chako. Weka wavu dhidi ya popo na ndege. Kama nyumba haina dari kabisa, wavu wa upenu uwe wa mbu, kwa kuwa mbu wa malaria wa huku kwetu hupenda sana kuingilia pengo lililo kati ya ukuta na paa.

Madirisha. Dirisha la aluminiamu la kuteleza linafunguka nusu. La mita 1.5 kwa 1.2 lina mita 1.8 za mraba za kioo lakini hewa inapata 0.9, na wavu wa mbu unapunguza tena. Chagua la bawaba linalofunguka lote, au luva. Upepo wa ziwani huvuma mchana na alasiri kutoka magharibi na kusini magharibi. Usiku hugeuka, ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kila chumba cha kulala kinahitaji njia mbili za hewa, moja ya kuingilia iliyo chini na moja ya kutokea iliyo juu, hata kama ya pili ni luva juu ya mlango. Chumba chenye dirisha moja tu hakipati upepo, hata kama dirisha hilo ni kubwa kama lango. Jua nalo lizuiwe nje ya kioo. Pazia la ndani linalizuia likiwa limekwisha kuingia.

Haya yote ni ya Kisumu, Siaya, Busia na Homa Bay. Ndugu zetu wa Nakuru wasiyanakili. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 700 juu ya Kisumu, na tatizo la huko ni baridi ya usiku na alfajiri. Huko dari ya mita 2.6 inatosha, dirisha kubwa la mashariki ni baraka, ukuta mzito ni rafiki, na juu ya dari palazwe godoro la nyuzi za kioo la sentimita 5 hadi 10. Pengo chini ya milango lizibwe. Ila penye jiko la makaa ndani, matundu ya hewa yasizibwe kamwe. Gesi ya makaa haina harufu na inaua watu waliolala.

Kuhusu kuta, matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine na kushikana bila mota yanaokoa saruji na kuni zinazoteketea kwenye tanuri za matofali ya kuchoma. Lakini yanaharibika sana kwa kukosa kupima udongo. Tengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Lipake mafuta, ulijaze udongo uliolowa, ulianike juani siku 3 au kivulini siku 7. Sukuma udongo mkavu upande mmoja na upime pengo. Likiwa chini ya milimita 12, changanya saruji 1 kwa udongo 18. Kati ya 12 na 24, saruji 1 kwa 16. Hadi 39, 1 kwa 14. Hadi 50, 1 kwa 12. Likizidi hapo, ongeza mchanga au murramu na upime upya. Udongo mwekundu wa Vihiga na Kakamega mara nyingi unafaa. Udongo mweusi wa nyanda za Kano haufai, wala usiuwekee msingi bila kuuondoa hadi ufikie tabaka gumu.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, chekecha, changanya ukavu kwanza, ndipo unyunyize maji. Finyanga donge, ulidondoshe kutoka usawa wa bega: likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha, likitawanyika ni kavu, likibonyea tu limezidi maji. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja. Matofali yafunikwe kwa karatasi ya nailoni na kumwagiwa maji siku 7, kisha yakae hadi siku 28. Anayejenga siku ya kumi kwa sababu fundi ana haraka ataona kingo zikimung'unyika mvua za Aprili zikija. Na tofali hilo lisianzie chini: kwanza mawe ya sentimita 30 hadi 45 kutoka usawa wa ardhi, karatasi ya kuzuia unyevu, ndipo tofali.

Sasa sola, ambayo tumeiweka mwisho makusudi. Hesabu ya familia ya kawaida kwa siku: friji ndogo wati-saa 900, taa 8 za wati 7 kwa saa 4 ni 224; televisheni ya wati 60 kwa saa 5 ni 300; ruta ya wati 10 mchana kutwa na usiku kucha ni 240; simu 50. Jumla ni takriban 1,700, yaani yuniti 1.7. Gawanya kwa saa 5 za jua kamili, kisha kwa 0.75 kwa ajili ya upotevu: unapata wati 450 na kidogo. Paneli za wati 500 na betri ya lithiamu ya yuniti 2.5 zinatosha.

Linganisha na shawa ya umeme ya kilowati 5. Watu watano wakioga dakika kumi kila mmoja, zimeondoka yuniti 4.2, zaidi ya mara mbili ya nyumba nzima. Usijaribu kuiendesha kwa betri. Weka hita ya maji ya sola ya lita 200, na umwambie fundi wa paa mapema, maana maji peke yake ni kilo 200. Ile isiyo na pampu inataka kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya paneli kwa sentimita 30 kama havikuunganishwa kiwandani, la sivyo usiku maji moto hurudi kinyumenyume na kupoa. Mabomba ya maji moto yavishwe sponji, na yawe mafupi.

Paneli zote ziinamishwe nyuzi 10 au zaidi ili mvua izioshe, na pabaki sentimita 10 za hewa kati yake na bati. Kivuli cha tangi la maji kikiangukia pembe moja tu kinapunguza umeme wa mstari mzima wa paneli. Waya mwembamba ni kosa jingine la kila siku: wati 100 za volti 12 zikipitishwa mita 10 kwa waya wa taa wa milimita 1.5 za mraba, volti 2 zinapotelea njiani. Magharibi mwa Kenya ni nchi ya radi, kwa hiyo fito ya ethi na kizuia radi visiachwe kwa kubana matumizi. Mwulize fundi wa sola leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati, kabla hajapanda paani.

Ombi letu kwa idara za mipango za kaunti: ramani ikiletwa kuidhinishwa, afisa aangalie mshale wa kaskazini umeelekea wapi kwenye ploti yenyewe, na apime sehemu ya dirisha inayofunguka, si ukubwa wa kioo.

Mafundi wa ujenzi na sola,
Kisumu