Kadi iliniacha Novemba, nikairudia Februari

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba sisi tulioko Marekani tukishapewa kadi ya chakula hatuiachi tena. Mimi nimeiacha mara mbili, na mara mbili nimeirudia.

Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, Tanzania. Kule mgao ulikuwa mgao: unapanga foleni, unapimiwa unga, maharage na mafuta, unabeba. Hapa Sioux Falls, ninakokata nyama ya nguruwe kiwandani (ndugu Waislamu mniwie radhi), kadi hii ya serikali ya kununulia chakula, SNAP, inakwenda na kipato. Kuanzia Oktoba 2024, nyumba ya watu wanne kama yetu haikutakiwa kuzidi dola 3,380 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa dola 19 kwa saa, wiki ya saa 40, nilikuwa chini yake kidogo tu.

Ikaja nyama ya Krismasi. Kiwanda kikaanza kutuita Jumamosi, na ovataimu ikanivusha kiwango hicho. Nikatoa taarifa, kadi ikafungwa Novemba. Sikulalamika, ovataimu ilizidi msaada. Januari Jumamosi zikakoma, wiki ikashuka hadi saa 32, kodi ya nyumba ikabaki palepale. Nikaomba upya. Ofisi inaruhusiwa kuchukua hadi siku 30 kukujibu, na siku hizo zote tulizila kwa wali na maharage ya kopo ya kanisani. Februari kadi ikafunguliwa.

Mara ya pili kipato hakikuongezeka hata senti. Ililetwa barua ya kuhakiki kama bado tunastahili kadi, Kiingereza kitupu, ikitaja siku ya mahojiano ya simu. Walipiga saa nne asubuhi. Saa hiyo mimi niko kiwandani, kwenye laini ya kukatia nyama, na kisu mkononi, simu imefungiwa kabatini kama kanuni ya kiwanda inavyotaka. Nilipopiga baada ya kazi, ofisi ilishafungwa. Nadhani kwenye hesabu za mwezi uliofuata tuliandikwa kati ya walioacha, na huenda kuna mtu alifurahi kwamba sasa tunajitegemea.

Habari kwamba kadi imefungwa niliipata dukani. Toroli limejaa, kadi imekataa, watu wanasubiri nyuma yetu. Mwanangu wa miaka saba akaniuliza, "Baba, na maziwa tunarudisha?"

Tulirudisha na maziwa.

Baba wa watoto wawili,
Sioux Falls, South Dakota