Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Kemia kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mlezi, wazazi na wanachama wenzangu, itifaki imezingatiwa.

Karibu, na pole kwa foleni ya feri. Chama kilianza na watu saba na birika moja. Leo tuko ishirini na wanne, na toka Likoni hadi Nyali hakuna wanaoijua plastiki kutushinda.

Mtungi wa maji uliyonawa ni poliethilini. Kamba ya turubai lililokufunika ni polipropilini. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alitumia kichocheo cha titani na alumini kuiunganisha gesi ya ethilini kuwa minyororo mirefu bila shinikizo kubwa. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia akaifanyia propilini hivyo hivyo, na 1963 wakapewa Nobel. Ukichanganya ethilini na heksini kidogo, jamaa yake mwenye molekuli ndefu zaidi, mnyororo huota vitawi na plastiki hulainika: hiyo ni kopolima. Sisi tunataka kukipachika kichocheo juu ya mirija midogo mno ya kaboni, ambayo hugandamana kama uji wenye mabonge, ili plastiki iote kwenye kila mrija na kuitenganisha.

Lakini kichocheo hiki hakitaki hewa. Msombo wake wa alumini ukipata hewa huwaka wenyewe. Ukipata unyevu, kazi imekwisha. Na hapa kwetu, Mheshimiwa, chumvi hulowa ndani ya kikopo. Tulijaribu ndani ya mfuko uliozibwa kwa utepe. Chupa ikafuka moshi mweupe, mlezi akamwaga mchanga, tukaambulia vumbi la kijivu lisilojaza kijiko cha chai.

Tunahitaji sanduku la glavu, lililojazwa nitrojeni kavu: mkono unaingia, hewa haiingii. Ombi hili si geni. Mgeni wa mwaka juzi alilipokea kwa mikono miwili, akasema "kabla ya Ramadhani", akapigwa picha. Picha tunayo, imetundikwa juu ya meza tuliyoliwekea sanduku nafasi, futi nne kwa mbili, na hata kikombe hakiwekwi hapo. Wa mwaka jana alituletea mipira miwili ya kandanda. Tunashukuru, tunaicheza.

Ahadi tunazo za kutosha, Mheshimiwa. Tunaomba sanduku, mitungi miwili ya nitrojeni, na nambari ya mtu atakayeshika simu. Vipimo viko nyuma ya nakala yako. Katibu atakupeleka uione meza sasa hivi, maana pilau ikishaliwa wageni wetu huwa na haraka.

Ni sisi watiifu wako,
Kamati ya Chama