Mpwa wangu, usitazame kichwa cha treni peke yake

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum. Mamako kanambia umehamia karibu na stesheni ya Makadara, Nairobi, na treni za alfajiri zinakukata usingizi. Pole, lakini nimekuonea wivu. Huku Malindi hatuna reli hata kipande. Mtu wa hapa akitaka gari la moshi alipanda basi hadi Mombasa, na kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa 1991, avuke kwanza kwa kivuko.

Nina ombi. Watu wakisikia honi hukitazama kichwa. Wewe tazama mabehewa.

Zile treni zinazojiendesha, injini zikiwa chini ya sakafu, usizihesabu. Ni seti 11 zilizoletwa 2020 kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, zikiwa zimeshatumika huko. Ziliingia kwenye reli yetu ya zamani kwa sababu reli ya huko na yetu zote mbili zina upana wa mita 1; kwenye SGR, ile reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, hazipiti.

Nitakayo mimi ni mabehewa ya kuvutwa, hasa ya enzi za shirika la reli la Afrika Mashariki, kabla shirika hilo halijavunjika 1977. Rangi isikudanganye, yamepakwa tena na tena. Inama utazame fremu na magurudumu, kisha tafuta bamba dogo la chuma lenye jina la kiwanda na mwaka. Mara nyingi limezibwa na rangi, lakini herufi zilizochomoza husomeka ukilitazama kwa upande. Ukiona ndani ujia umekaa ubavu mmoja na vyumba ubavu wa pili, hilo ni la kulala: daraja la kwanza vitanda 2 chumbani, la pili 4. Hayo ndiyo yaliyotupandisha bara usiku, mhudumu akipita ujiani na marimba yake ndogo kutuita chakulani, mpaka SGR ilipoanza 2017. Chakula chenyewe kilikuwa cha kawaida, ila kula huku giza la Tsavo likipita dirishani, wallahi sijapata mfano wake.

Kwenye Makumbusho ya Reli hapo Nairobi lipo behewa ambamo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall, stesheni ya Kima, mwaka 1900. Nenda ukalione. Lakini hilo lina watu wa kulitunza kwa sababu ya kisa chake. Roho yangu iko kwa behewa la daraja la tatu, la viti vigumu, lililobeba makuli, mayaya na wanafunzi miaka yote hiyo. Likikatwa vyuma chakavu, nani atajua lilikuwepo?

Basi, ukiliona, muombe ruhusa mkuu wa stesheni, usivuke reli, upige picha ubavu mzima, kisha namba yake, kisha bamba. Nitumie hata zikiwa na ukungu. Namba nitazisoma mwenyewe na kuziingiza daftarini.

Mjombako, Malindi